Wanafunzi wa vyuo Uganda hatufanyi mazoezi, lakini nani kasema ni uvivu?

Mwana_wa_Mpondwe (mleta uzi)

Habari zenu wakuu, dada na kaka zangu wa vyuo vyote kuanzia Arua mpaka Kabale. Uzi utakuwa mrefu mnivumilie, hii kitu imenikaa rohoni tangu semista iliyopita.

Kila nikisikia watu wazima wanaongelea wanafunzi wa chuo na mazoezi neno linalotoka ni moja tu, wavivu. Wanalala mpaka saa nne, wako kwenye simu, wanabeti, wananenepa. Mimi niko mwaka wa mwisho, nasoma afya ya jamii, nimeishi hosteli miaka yote hii nawaona wenzangu wanavyohangaika, na nasema hilo neno linatuonea.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 2018 jarida la Lancet Global Health lilitoa utafiti wa watu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), walikusanya takwimu za nchi 168, watu karibu milioni 1.9, wakaangalia ni wangapi hawafikishi kiwango cha kujishughulisha kimwili. Dunia nzima ilikuwa 27.5%. Uganda 5.5%. Hakuna nchi iliyokuwa chini yetu, yaani kwenye orodha ile sisi ndio tuliokuwa tunautumia mwili kuliko wote. Lakini jamani ile haikuwa jimu wala jogingi. Ile ni jembe, ni jerikeni la maji, ni kuni, ni kutembea kwenda sokoni na kurudi. Kwetu kule Kasese milimani mama yangu hajawahi kuvaa raba za kukimbilia lakini anashuka bondeni asubuhi anapanda na mzigo wa kahawa, WHO wanataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, yeye Jumanne haijaisha ameshazipita.

Sasa mtoto wa huyo mama anapata chuo Kampala. Siku anayoshuka kwenye basi ndio siku jembe linatoka mikononi. Chakula kiko kantini, hosteli iko dakika chache kutoka darasani, na kama ni mbali kuna boda. Vyote vilivyokuwa vinautikisa mwili wake bila yeye kupanga vimeondoka kwa mkupuo na hakuna aliyeweka kitu kingine mahali pake. Kuanzia hapo mazoezi yanakuwa kitu cha kutafutwa, kina saa yake, kina nguo zake, kina kiwanja chake na hela yake, na huyu mtoto hivyo vyote hana.

Angalieni siku ya kawaida tu. Lekcha ya kwanza saa mbili asubuhi, ya pili saa tano, alafu mnakaa mkisubiri ya saa tisa ambayo mhadhiri anaweza kuisogeza mpaka saa kumi na moja kwa meseji moja ya WhatsApp. Katikati kuna masaa ndio, lakini ni masaa ya jua la utosi na wewe uko na begi, laptopu na nguo za darasani. Ukikimbia utaoga wapi? Kwenye kiwanja chetu (chuo sitakitaja) kuna bafu mbili, moja imekuwa stoo ya nyavu zilizochanika, nyingine koki imeng'olewa, bomba limezibwa na gunzi la mahindi lililofungwa na mpira wa tairi la baiskeli. Unarudi hosteli unakuta maji yamekatika tangu jana, mmebaki na jerikeni moja la lita 20 chini ya kitanda, na hilo ni la kupikia na kuogea wewe na mwenzako wa chumba mpaka maji yarudi na hamjui yatarudi lini. Siku kama hiyo hata mimi ninayesoma haya mambo darasani siwezi kumshauri mtu atoke jasho.

Alafu kuna hela ya michezo. Kila semista tunailipa, iko kwenye orodha ya ada pamoja na maktaba na kitambulisho. Inaenda kwenye jezi za timu na basi la kwenda mashindano, na sikatai, timu zisaidiwe. Ila sisi wengine maelfu ambao hatuna kipaji cha mpira fungu letu liko wapi? Jioni ukifika kiwanjani timu ipo unaambiwa upishe. Siku timu haipo geti lina kufuli, askari anasema nyasi zinapumzika.

Naomba mseme na ninyi, hasa hasa ni nini kinawazuia? Na ukiandika uvivu usiishie hapo, sema huo uvivu umetokea wapi.

Mkenya_wa_Ishaka

Mkuu umeongea mengi ya ukweli ila ngoja nikupinge kidogo. Nasomea udaktari huku Bushenyi, na kuna watu muda wanao. Kwa hosteli yetu kuna jamaa kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili usiku ni mechi za Ulaya, mkeka wa kubeti mkononi, anajua kila mchezaji wa Uingereza amecheza dakika ngapi na yeye mwenyewe hajagusa mpira tangu amalize sekondari. Huyo hakufungiwa geti na mtu. Simu na kubeti vinakula vijana, hilo tusilifiche eti kwa sababu tunataka kujitetea.

Lakini kitu umesahau ni tumbo. Wiki za kwanza za semista pesa ya nyumbani bado iko, utaona uwanja umejaa, watu wanarusha kikapu, wasichana wanacheza netiboli, mpaka unafurahi. Ngoja ifike katikati ya semista. Mtu anakula mara moja kwa siku, anangoja saa kumi jioni ndio anunue kikomando, chapati zimekatwakatwa maharage yamemwagwa juu, ili kimshikilie mpaka kesho. Huyo umwambie akimbie raundi za uwanja saa kumi na moja? Mwili wake unajua hesabu, unamwambia lala uhifadhi kidogo ulichonacho. Mtu akipita anamuona amelala anasema mvivu. Mimi nilishaona kijana anaanguka kwa mazoezi ya timu, tukampima sukari iko chini, kuuliza alikula nini akasema chai.

Dada_wa_Gulu

Kaka zangu nimesoma yote na nawashukuru, lakini nyote wawili mmeongea kama vile kiwanja kikifunguliwa basi shida imeisha. Kwetu wasichana shida inaanzia mlangoni.

Nawaeleza njia ninayopita mimi. Kutoka hosteli mpaka kiwanjani kuna steji mbili za boda na baa moja ya pembeni. Nikipita na gauni na vitabu hakuna mtu anaongea. Nikipita na suruali ya mazoezi na raba, steji ya kwanza wananiita, steji ya pili wananiita na mmoja anawasha pikipiki ananifuata polepole anauliza nakimbia kwenda kwa nani. Kuna siku nilifunga leso juu ya suruali nikaifungua nilipofika, na wakati wa kurudi ndio ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu saa moja jioni giza limeshaingia, si mnajua kwetu jua halibembelezi, likizama limezama, na taa za njia ile hazijawaka tangu nimekuja. Kwa hiyo muda wangu halisi ni kati ya mwisho wa lekcha saa kumi na moja na giza la saa moja, humo ndani nibadilishe nguo, nitembee, nifanye mazoezi, nirudi. Wavulana wanacheza mpaka saa mbili usiku wanarudi wakipiga stori.

Na kuna mambo ambayo hayasemwi. Sidiria ya kukimbilia ile inayoshika vizuri bei yake si ya mwanafunzi, za mitumba soko la Owino zipo lakini kupata saizi yako ni bahati. Nywele umesuka kwa hela ya wiki nzima ya chakula, ukitoka jasho kila siku hazimalizi wiki mbili. Siku za mwezi vyoo vya kiwanjani havina maji wala mlango unaofunga. Wenzetu Waislamu wanaovaa hijabu wanataka tu sehemu ambayo wanaume hawatasimama ukutani kuangalia, si jambo kubwa hata. Alafu mtu anakuja na utafiti anasema wanawake wanajishughulisha kidogo kuliko wanaume, anaandika sababu ni kukosa hamasa. Hamasa ninayo! Nyumbani nilikuwa nacheza netiboli kila Jumamosi uwanja wa shule ya msingi na watoto wa jirani, hapo nilikuwa nafahamika, hakuna wa kunifuata na pikipiki.

Mwalimu_wa_Spoti

Wanangu, mimi nimefundisha michezo sekondari na baadae nikasimamia spoti chuoni, umri umesogea kidogo, niongeze ya upande wangu.

Mwanafunzi anafika chuo akiwa ameshaachishwa mazoezi. Sekondari nyingi, hasa hizi za kupigania alama, mtoto akifika darasa la mtihani anaondolewa uwanjani. Prepu (kujisomea) ya alfajiri, darasa mpaka jioni, prepu ya usiku, kipindi cha michezo kipo kwenye ratiba ya ukutani lakini mwalimu wa hesabu ndio anakitumia. Miaka miwili ya S5 na S6, yaani kidato cha tano na sita, anaambiwa kucheza ni kupoteza muda, na anaamini. Alafu akifika chuo tunashangaa hajui kuanza. Tangu mtaala mpya wa 2020 elimu ya mazoezi imekuwa ya lazima S1 na S2, iliingia sambamba na Kiswahili, na mimi nilishangilia vyote viwili. Lakini nendeni mkaone kinachofanyika, shule yenye wanafunzi mamia na mipira miwili, mwalimu anafundisha sheria za voliboli ubaoni.

La pili, sisi wasimamizi tumezoea kuhesabu vikombe. Mwaka 2018 Kampala ilipokea mashindano ya dunia ya netiboli ya vyuo vikuu, Makerere ndio walikuwa wenyeji, heshima kubwa sana kwa nchi. Mkimbiaji wetu Cheptegei amekimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11 mwaka 2020 na mpaka leo hiyo rekodi haijavunjwa. Tunajivunia, na tuna haki. Ila nikiandika ripoti ya mwaka hakuna anayeniuliza wanafunzi wangapi wa kawaida walitembea, walicheza, walitoka jasho. Ananiuliza tumeleta medali ngapi. Bajeti inafuata swali.

Na la mwisho ambalo watu hawaliangalii, kalenda. Huku kusini na kati semista ya kwanza Agosti mpaka Desemba inabebana na mvua za Septemba mpaka Novemba. Ya pili inabebana na mvua za Machi mpaka Mei. Mvua zenyewe zinapenda kupiga mchana na jioni, kiwanja kinakuwa tope. Miezi mikavu ya Juni na Julai chuo kimefungwa, na hata ile Siku ya Taifa ya Mazoezi iliyoanzishwa 2018 inaangukia Julai, watoto wako makwao wanalima. Chuo kisicho na ukumbi wenye paa kimeshapoteza nusu ya jioni zake.

Mtoto_wa_Bunia

Mimi ni Mkongo nasoma Kampala, nakaa mbali na chuo sababu nyumba za karibu ni bei. Natembea kwenda, natembea kurudi, asubuhi na jioni. Kwa hiyo kwa hesabu ya WHO mimi niko sawa kabisa. Lakini mnajua wenzangu wa kozi wanasemaje? Wakinikuta njiani na vumbi la miguu wananihurumia. Mmoja alinilipia boda siku moja kwa roho safi kabisa, akaniambia pole ndugu. Huku mjini kutembea kumekuwa alama ya kukosa hela. Mtu akipata tu ya kula na ikabaki elfu moja anapanda boda kwa mwendo ambao bibi yake angeucheka. Mimi naona hiyo inazuia watu kuliko kiwanja, sababu kutembea hakuhitaji kufuli lifunguliwe na mtu.

Ila na barabara zenyewe haziruhusu. Sehemu kubwa hakuna njia ya mguu, unatembea kwenye mtaro au boda inakupitia kwenye bega. Na moshi. Kuna watu wa AirQo hapo Makerere wanapima hewa ya Kampala na vifaa walivyotengeneza wenyewe, unaweza kuangalia kwa simu, asubuhi ya foleni kando ya barabara kubwa hewa ni chafu kweli. Mimi nilihamia njia za ndani, ni ndefu kidogo lakini kifua hakiniumi tena.

Na wengi wetu jioni tuko kazini. Mimi nauza duka la simu mpaka saa tatu usiku. Muda mleta uzi anaosema wa jioni mimi sijawahi kuuona.

Magurudumu_Mawili

Natumia kiti cha magurudumu. Nimesoma uzi wote hakuna aliyetutaja, na siwalaumu, hata chuo hakitutaji. Kiwanja chetu kina ngazi kumi na kitu hakuna njia ya kuteremka. Hela ya michezo nalipa sawa na wewe. Husnah Kukundakwe ameogelea Paralimpiki ya Tokyo na ya Paris, kwa hiyo mtu asiniambie Uganda haiwezekani. Mabega yangu yanahitaji mazoezi kuliko yako kaka, haya ndio miguu yangu.

Mwana_wa_Mpondwe (mleta uzi)

Ndugu Magurudumu umenigusa sana na asante kwa kusema, hili linaingia kwenye maombi moja kwa moja nitaeleza hapo chini.

Dada wa Gulu, nilisoma maelezo ya ile njia yako nikaenda kuwauliza dada wa hosteli yetu, wakaniambia yao ni hiyo hiyo, tofauti ni baa tu. Mkenya, kubeti nakubali kupo, lakini jiulize kwa nini kibanda cha kubeti kiko wazi mpaka usiku, kina taa, kina viti, kiko mita chache kutoka geti la chuo, na kiwanja kina kufuli. Kijana anaenda mahali palipofunguliwa.

Sasa kitu kimoja ambacho wengi hawajakisikia. Zamani WHO walikuwa wanasema mazoezi lazima yawe ya angalau dakika kumi mfululizo ndio yahesabiwe. Mwongozo wao wa 2020 uliondoa hilo sharti. Kila mwendo unahesabika, hata wa dakika tatu, ngazi za ghorofani badala ya lifti, kutembea kutoka jengo moja kwenda jingine kwa haraka, kufua kwa mkono. Wanasema pia kwamba mara mbili kwa wiki misuli ifanyishwe kazi, hiyo unaweza kuifanya chumbani, push-up, kuchuchumaa na kuinuka, kunyanyua hilo hilo jerikeni la lita 20 likiwa limejaa. Nayasema haya ili anayekula mara moja na anayefanya kazi mpaka usiku ajue kwamba hajashindwa. Lakini sitaki chuo kipate pa kujifichia humo, wakasema haya si mnaweza kufanya chumbani. Hapana. Takwimu mpya za WHO za 2024 zinasema 31% ya watu wazima duniani, karibu bilioni 1.8, hawafikishi kiwango, na wanaongezeka. Sisi tuko miaka ishirini na kitu, tabia tunayoijenga sasa ndio tutaenda nayo ofisini kukaa kwenye viti. Presha na kisukari wodini tunaona vinakuja kwa watu wa umri gani siku hizi, Mkenya atakuwa shahidi.

Kwa hiyo mimi na wenzangu tunapeleka barua gildi, yaani serikali ya wanafunzi. Kiwanja kiwe wazi kwa wasio na timu siku maalum, bafu zirudishwe maji, njia ya kiti cha magurudumu ijengwe pale penye ngazi, na ratiba ya masomo iache lisaa limoja jioni bila lekcha kwa kozi zote hata mara mbili kwa wiki. Mwalimu tunaomba ushauri wako.

Mwalimu_wa_Spoti

Gildi peke yake watawasomea wataiweka. Nakala moja ipeleke kwa mkuu wa wanafunzi, nyingine kwa ofisi ya spoti, na muweke sahihi nyingi. Na jambo moja la kiutendaji, andikeni nani atapokea ufunguo na nani ataurudisha. Nimekaa upande ule, geti halifungwi kwa chuki. Askari analipishwa wavu ukipotea, kwa hiyo anafunga, na mimi ningekuwa yeye ningefunga pia. Mkimpa majina mawili ya watu wa kuwajibika na daftari la kusaini, nusu ya kesi imeisha. Saa isiyo na lekcha itachukua muda mrefu, hiyo inapita kwenye seneti ya chuo, msikate tamaa nayo ila msiisubiri.

Dada_wa_Gulu

Na hiyo barua msiandike tu "siku ya wanawake" mkatupa Jumatano saa saba mchana jua kali. Waulizeni wenyewe saa ipi. Ningekuwa kwenu ningeomba saa kumi na moja na nusu hadi saa kumi na mbili na nusu, na taa mbili za sola kwenye njia ya kurudi, taa hata kabla ya mpira. Na tukitembea kundi steji wananyamaza, huku kwetu tumeanza kwenda wengi pamoja, tunakutana kwenye kantini tunatoka kwa mkupuo, hata wale wa baa wameacha.

Mkenya_wa_Ishaka

Presha wodini, ndio nashuhudia. Juzi tu tulikuwa na mtu wa miaka thelathini na minne, kiharusi. Na mimi nawapelekea gildi ya huku barua kama hiyo, mleta uzi nitumie mfano. Nitaongeza la chakula, kantini iwe na uji na maharage ya bei ya chini jioni, bila hiyo kiwanja kitajaa wiki tatu tu.

Mtoto_wa_Bunia

Kaka wa Mpondwe kwa maelezo ya hizo bafu nadhani tuko chuo kimoja, hiyo koki naijua. Nitasaini. Ila ongezeni Jumapili asubuhi, sisi tunaofanya kazi jioni tuna siku hiyo peke yake.

Mwana_wa_Mpondwe (mleta uzi)

Imeongezwa, Jumapili saa moja mpaka saa tatu asubuhi. Saa za dada zimewekwa kama Dada wa Gulu alivyosema, lakini karatasi inapita kwanza kwenye hosteli zao wazithibitishe wao wenyewe kabla ya kupelekwa. Jina moja la ufunguo ni langu, natafuta la pili, liwe la msichana. Mkenya mfano nakutumia usiku huu. Mkongo, karatasi ya sahihi iko kwa mlinzi wa hosteli ya chini, ile yenye geti la bluu, mwisho wa kusaini ni Ijumaa saa sita mchana.